Majani Salama na Majani ya Sumu kwa Mnyama wa Bandani

Kata ya Kawetele imo katika mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye miinuko iliyo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua za huko hupindukia milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake umetokana na majivu ya volkano. Kwa sababu hizo mbili ardhi haikosi kijani. Migomba, mahindi, maharage, michai na miparachichi husongamana, na nafasi ya kuchungia mifugo hubaki ndogo. Ndiyo maana wafugaji wengi huwaweka ng'ombe wa maziwa, mbuzi na sungura ndani ya banda au kizimba, kisha huwapelekea majani asubuhi na jioni.

Ufugaji wa namna hiyo una manufaa mengi. Samadi hukusanyika mahali pamoja, mazao ya jirani hayaharibiwi, na mnyama haambukizwi kupe kwa urahisi. Hata hivyo, wingi wa kijani una mtego wake. Anayetumwa kukata majani, aghalabu mtoto aliyerudi kutoka shuleni, huweza kujaza kikapu kwa robo saa bila ya kujiuliza amekata nini. Katika kikapu hicho huenda umo mmea mmoja uwezao kukausha kiwele cha ng'ombe au kumuua sungura kabla ya kesho yake. Kwa jamaa anayelipia ada na mafuta ya taa kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, hasara hiyo si ndogo.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji jinsi ya kuitambua mimea iliyo salama na ile isiyo salama kwa wanyama wanaolishwa kwa mkono. Hayatoi orodha ya mimea yote, kwa kuwa orodha ya namna hiyo haina mwisho. Yatatoa njia ya kufikiri, kisha yataipima njia hiyo kwa mimea inayojulikana Rungwe.

MNYAMA ALIYEFUNGWA HACHAGUI

Mbuzi anayechunga mwenyewe hula kidogo hapa na kidogo pale. Huonja, huacha kilicho kichungu, huhama. Tangu udogo wake hujifunza kwa kumfuata mama yake. Hata akila jani lenye sumu, kwa kawaida hulila kwa kiasi kidogo, likachanganyika tumboni na majani mengine mengi. Sumu nyingi za mimea hutegemea kiasi: kidogo huvumilika, kingi huua.

Mnyama wa bandani hana nafasi hiyo. Huletewa mzigo mzima wa mmea wa aina moja, naye ana njaa. Hapana kingine cha kuonja wala pa kuhamia. Kwa hiyo ule usemi kwamba "mnyama anajua mwenyewe kinachomfaa" hauna nguvu mbele ya hori. Kazi ya kuchagua imekwisha hama kutoka kinywani mwa mnyama na kuingia mkononi mwa mfugaji. Mfugaji asipoichukua kazi hiyo, hapana mwingine wa kuichukua.

KWA NINI MIMEA INA SUMU

Mmea hauwezi kumkimbia adui yake. Wadudu, konokono na wanyama wala majani huufikia pale ulipo. Mimea mingi imejikinga kwa miiba. Mingine imejikinga kwa kemikali. Yafaa tuyataje makundi machache ya kemikali hizo.

Kundi la kwanza ni la mimea inayozaa sianidi. Muhogo na mtama mchanga ni mifano mizuri. Sianidi haimo huru ndani ya jani. Imefungwa pamoja na sukari. Jani likitafunwa au kupondwa, vimeng'enya hulifungua fungo hilo na sianidi hutoka. Sumu hii huzuia chembe za mwili zisitumie hewa ya oksijeni, na mnyama huweza kufa kwa muda wa dakika chache.

Kundi la pili ni la alkaloidi. Humo mna solanini ya viazi mviringo na atropini ya mnanaha (Datura stramonium). Sumu hizi hugusa neva, moyo na matumbo.

Kundi la tatu ni la oksalati. Majani mabichi ya magimbi yana vijiti vya kalisi oksalati vilivyo vikali kama sindano, ambavyo huonekana kwa hadubini. Hivyo ndivyo vinavyowasha kinywa na koo.

Kundi la nne ni la sumu zinazodhuru ini. Lantana (Lantana camara), kichaka chenye harufu kali na vishada vya maua ya rangi mbalimbali, hupandwa na baadhi ya watu kuwa ua wa nyumba. Ng'ombe aliyekula majani yake mengi huharibika ini, na mwili wake hushindwa kuondoa mabaki fulani ya kijani cha majani. Mabaki hayo hukaa kwenye ngozi, na jua linapoyapiga, ngozi huungua. Ng'ombe mwenye mabaka meusi na meupe huungua kwenye mabaka meupe, kwa kuwa hayo hayana rangi ya kuyakinga.

MNYAMA MMOJA SI KIPIMO CHA MWINGINE

Watu wengi huamua kwa kusema: "Mbuzi amelila jani hili, basi na sungura atalila." Uamuzi huo ni wa hatari, kwa maana matumbo hayafanani.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Chakula chao huingia kwanza katika tumbo kubwa lililojaa bakteria na viumbe wengine wadogo, ambao hukichachua kabla mwili haujakifyonza. Sungura hacheui. Chakula chake hupita katika utumbo mwembamba kwanza, na uchachuaji hufanyika baadaye katika mfuko mkubwa wa utumbo mpana. Zaidi ya hayo, sungura hawezi kutapika. Alichomeza hakirudi.

Mfano wa lusina (Leucaena leucocephala) waonyesha jambo hili waziwazi. Majani yake yana protini nyingi, lakini yana pia kemikali iitwayo mimosini, inayoweza kumnyonyoa mnyama manyoya. Huko Australia ng'ombe waliolishwa lusina kwa wingi walidhurika, ilhali mbuzi wa Hawaii hawakudhurika. Katika miaka ya 1980 mtafiti Raymond Jones alionyesha kwamba siri ilikuwa katika bakteria walioishi tumboni mwa mbuzi wale. Bakteria hao walipohamishiwa kwa ng'ombe wa Australia, ng'ombe nao wakaweza kuila lusina. Mwaka 1992 aina hiyo ya bakteria ilipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima yake.

Kuna na mfano wa upande wa pili. Baadhi ya sungura wana kimeng'enya kinachovunja atropini, hata wakaweza kula majani ambayo yangemlaza mtu hospitalini. Basi, kama vile kupona kwa mbuzi si hakikisho kwa sungura, kupona kwa sungura si hakikisho kwa mbuzi, wala kwa mtu.

JINA SI MMEA

Majina ya mimea hubadilika toka kijiji hadi kijiji, na jina moja huweza kubeba mimea miwili isiyo na udugu wowote. Tutazame neno "kiazi". Kiazi kitamu na kiazi mviringo hushirikiana jina, lakini ni wa jamii mbili tofauti. Majani ya viazi vitamu, yaani matembele, ni chakula kizuri cha sungura, mbuzi na ng'ombe. Kiazi mviringo ni wa jamii moja na mnavu, nyanya na tumbaku. Majani yake, machipukizi yake, na viazi vyenyewe vilivyogeuka kijani kwa kupigwa na jua vina solanini, na havifai kulishwa mnyama. Mtoto aliyeambiwa "kata majani ya viazi" apaswa aambiwe ni viazi vipi.

Hata mboga ya mtu haiwi kipimo. Mnavu huliwa na watu wengi, lakini huliwa ukiwa umepikwa, tena majani machanga. Ukiwa mbichi na una matunda ya kijani, mnavu haufai kutupwa kizimbani.

Ziko pia kanuni za haraka ambazo zikitegemewa peke yake hupotosha. Husemwa kwamba mmea wenye utomvu mweupe ni sumu. Kwa mnyaa na jamii yake yote ya Euphorbia, tahadhari hiyo ni ya kweli. Lakini mchunga una utomvu mweupe na sungura huula bila madhara; matembele nayo hutoa utomvu mweupe. Kwa hiyo, utomvu ni sababu ya kusimama na kutazama vizuri, wala si hukumu.

MPARACHICHI: RAFIKI WA SHAMBA, ADUI WA KIWELE

Kwa mfugaji wa Kawetele, mmea unaostahili kuchunguzwa kuliko yote ni mparachichi (Persea americana). Katika miongo ya karibuni kilimo cha maparachichi ya kuuza nje kimeenea sana Rungwe, hasa cha aina ya Hass. Miti hupogolewa, na matawi yenye majani mabichi hulala chini ya mti hatua chache tu kutoka bandani. Hapo ndipo penye kishawishi. Majani ni mengi, ni ya bure, na yana sura njema.

Majani hayo yana sumu iitwayo pasini. Uchunguzi uliofanywa California katika miaka ya 1980 kwa mbuzi wanaonyonyesha ulionyesha kwamba majani ya mparachichi huua chembe zinazotengeneza maziwa ndani ya kiwele. Mwaka 1995 watafiti wa Australia waliitenga kemikali yenyewe kutoka katika majani, wakathibitisha kwamba ndiyo inayodhuru kiwele na misuli ya moyo.

Kiasi chake kimepimwa. Kwa mbuzi, gramu 20 za majani kwa kila kilo moja ya uzito wake zatosha kuharibu kiwele. Gramu 30 kwa kila kilo huweza kuudhuru moyo. Tupige hesabu. Mbuzi mwenye uzito wa kilo 30 atadhurika kiwele kwa gramu 600 za majani, yaani pungufu ya kilo moja. Kiasi hicho hupatikana katika matawi machache tu, na mbuzi mwenye njaa hukimaliza bila shida.

Dalili huanza kuonekana kwa muda wa saa 24. Maziwa hupungua ghafla, hata kufikia robo ya kiasi cha kawaida. Kiwele huvimba na kuwa kigumu, na maziwa machache yatokayo huwa ya majimaji yenye mabonge. Mfugaji huona dalili hizo akadhani ni ugonjwa wa kawaida wa kiwele, unaoletwa na vijidudu. Hununua dawa za kuua bakteria, huzitia kwa siku kadhaa, na hali haibadiliki, kwa sababu hapana bakteria wa kuuawa. Wakati huo huo anaendelea kulisha majani yale yale. Pale moyo unapodhurika, mnyama huzubaa, hupumua kwa taabu, huvimba shingo na kifua, na huweza kufa. Sungura, kondoo, ng'ombe, farasi, na ndege wengi wa kufugwa wote wamo katika hatari hii.

Wako watakaosema: "Mbona ng'ombe wa fulani hula majani hayo na hana neno?" Jibu limo katika kiasi, na pia katika aina ya mti. Miparachichi ina koo tatu kubwa: ya Meksiko, ya Guatemala, na ya visiwa vya Karibi. Ukoo uliohusishwa zaidi na madhara ni ule wa Guatemala. Hass, iliyosajiliwa nchini Marekani mwaka 1935, ni chotara mwenye asili ya ukoo wa Guatemala na ya ule wa Meksiko. Majani ya ukoo wa Meksiko, yakifikichwa, aghalabu hutoa harufu ya shamari. Lakini machotara ni wengi mno, na harufu haiwezi kuwa ruhusa ya kulisha. Ushauri ulio salama ni mmoja tu: majani, magome, kokwa na matunda ya mparachichi yasiingie horini. Matawi yaliyopogolewa yatumike kuwa kuni au yaozeshwe kuwa mboji, mbali na banda.

MIMEA MINGINE YA KUTAZAMWA

Kangaga wa malisho ya milimani (Pteridium aquilinum) huota kwa wingi mahali palipochomwa moto. Humtambua kwa jani moja kubwa lenye umbo la pembetatu, lililogawanyika mara nyingi, linalotoka ardhini peke yake. Likiwa changa ncha yake imejikunja kama mkia wa kinyonga. Ng'ombe anayelishwa kangaga huyu kwa muda mrefu hukojoa damu na huota uvimbe kibofuni. Sumu yake huweza kupita katika maziwa, na kwa hiyo jambo hili lahusu afya ya watu pia.

Utupa (Tephrosia vogelii) una rotenoni, sumu inayotumika kuvulia samaki na kuulia wadudu. Huweza kudhaniwa kuwa ni sesbania, ambayo ni lishe nzuri ya mbuzi na ng'ombe, kwa vile yote miwili ni mikunde yenye vijani vingi vilivyopangwa pande mbili za kikonyo. Tofauti yake ni hii: utupa una manyoya laini kama mahameli, maua meupe au ya zambarau, na maganda mapana yenye manyoya. Sesbania ina maua ya manjano na maganda membamba, marefu kama uzi. Mmea usio na ua wala ganda usikatwe mpaka utambuliwe na ajuaye.

Majani ya muhogo hufaa kwa wanyama wanaocheua endapo yatakatwakatwa na kuanikwa mpaka yanyauke vizuri, ili sianidi ipungue. Mtama mchanga, hasa unaochipua baada ya ukame, usilishwe. Mbarika, mnanaha, na yale maua ya bustani yanayoning'inia kama tarumbeta yasipandwe karibu na banda.

MIMEA ILIYO SALAMA

Msingi wa chakula cha mnyama wa bandani ni nyasi. Mabingobingo na majani ya Guatemala hustawi vizuri Rungwe. Yakatwe yakiwa bado machanga, kabla mashina hayajakomaa na kuwa magumu. Juu ya msingi huo huongezwa mikunde kama desmodi, pamoja na matembele. Kwa sungura hufaa pia kishona nguo (Bidens pilosa), mchunga na majani ya maharage machanga kwa kiasi. Majani na mashina ya mgomba si sumu, lakini yamejaa maji. Hushibisha bila kujenga mwili.

Hata mmea ulio salama huweza kudhuru ukitolewa vibaya. Mikunde michanga yenye umande, ikiliwa kwa wingi, humvimbisha ng'ombe tumbo. Majani yaliyorundikwa yakapata joto na ukungu yatupwe. Majani ya kando ya shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu au ya magugu yasikatwe kabisa, hata kama mmea wenyewe ni mzuri.

HATUA ZA KUTAMBUA MMEA

1. Tazama mmea mzima: shina, mpangilio wa majani, ua, tunda na mzizi. Jani moja halitoshi.

2. Fikicha jani, unuse, na utazame utomvu. Usiuonje. Nawa mikono baada ya hapo.

3. Uliza jina kwa watu wawili au zaidi, kila mmoja peke yake. Majina yakitofautiana, chukua kwamba mmea haujatambuliwa.

4. Chukua tawi lenye majani, ua na tunda; likandamize kati ya kurasa za gazeti chini ya kitu kizito, ukibadilisha karatasi kila siku mpaka likauke. Andika mahali, tarehe na rangi ya ua. Mpelekee bwana mifugo au mwalimu wa baolojia. Mimea migumu kutambulika huweza kufikishwa kwenye hifadhi ya taifa ya mimea mikavu iliyopo Arusha.

5. Mmea ukishatambuliwa kuwa salama kwa aina ya mnyama wako, anza kwa kiasi kidogo ukichanganya na nyasi alizozizoea. Ongeza polepole kwa muda wa wiki moja.

6. Mmea usiojulikana usilishwe. Njaa ya siku moja hupona. Sumu haina hakika ya kupona.

MNYAMA AKIDHURIKA

Ondoa mara moja majani yote yaliyomo horini, lakini usiyatupe. Weka sampuli kwa ajili ya mganga wa mifugo. Mpe mnyama maji safi na mweke kivulini. Usimnyweshe mafuta wala maziwa kwa nguvu, kwani mnyama aliyelegea huweza kuyavuta mapafuni. Kumbuka saa aliyokula na kiasi alichokula. Mganga akiitwa mapema, baadhi ya sumu zina tiba; ile ya sianidi, kwa mfano, hutibiwa kwa sindano ya sodiamu thiosalfeti, lakini kila dakika ina thamani. Maziwa ya mnyama aliyedhurika yasiuzwe wala yasinywewe, na nyama yake isiliwe mpaka mganga aruhusu.

HITIMISHO

Tumeona kwamba hapana alama moja inayotenganisha majani salama na majani ya sumu. Si utomvu, si harufu, si jina, wala si mfano wa mnyama mwingine. Kinachosaidia ni kuujua kila mmea kwa sura yake kamili, na kumjua mnyama kwa tumbo lake. Maarifa haya hayahitaji mashine. Yanahitaji macho, subira, na mtu mzima atakayeandamana na mtoto shambani siku ya kwanza, amwonyeshe jani kwa jani.

Zoezi: Pamoja na watoto wa nyumbani, kusanya mimea kumi mnayoikata kwa ajili ya mifugo. Kausheni tawi la kila mmoja na andikeni jina lake, mahali ulipoota, na mnyama anayelishwa. Wekeni alama kwenye kila mmea ambao hamna hakika nao. Mimea hiyo yenye alama isiingie horini mpaka itakapotambuliwa.